Moyo Hautaki Kubembelezwa

Kuna sentensi moja nimeichoka kabisa: "Hayo mambo ya wazungu." Ukizungumzia kusoma kitabu, mambo ya wazungu. Ukizungumzia kwenda kupima presha wakati huumwi, mambo ya wazungu. Wiki iliyopita nilithubutu kuzungumzia moyo wa mwanaanga mbele ya wasomi wenzangu, watu wenye digrii na vitambulisho vinavyoning'inia shingoni, nikapewa jibu hilohilo. Mmoja akaongeza: "Watu wa Kilombero wanahangaika na malaria, wewe unatuletea habari za watu wanaoelea angani?"

Sawa. Leo nina ugomvi wa aina mbili na nitaumwaga wote hapa hapa. Wa kwanza ni na hiyo sentensi. Wa pili ni na imani ambayo hatuisemi kwa sauti lakini tunaishi nayo kila siku: kwamba moyo ni kama yai, unatunzwa kwa kuwekwa kwenye pamba. Mtu akizeeka akae. Akiugua alale. Akifanikiwa aendeshwe. Nasema hapana! Imani hiyo inatumaliza, na ushahidi wake umetoka kwa hao hao wanaoelea.

Tuanze na mambo ya wazungu. Mwaka 1949 Mswisi mmoja, Rudolf Geigy, alifika Ifakara. Mwaka 1957 ikajengwa maabara, na maabara ile ndiyo mama wa Taasisi ya Afya Ifakara tunayoijua leo. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 watoto wa kijiji cha Idete, humo humo Kilombero, walishiriki majaribio ya chanjo ya malaria iliyoitwa SPf66, iliyobuniwa Colombia. Chanjo ile haikufika mbali, lakini dunia ilijifunza. Mwishoni mwa miaka hiyo hiyo, vyandarua vyenye dawa viliuzwa Kilombero na Ulanga kwa jina la "Zuia Mbu", na watafiti wakaonyesha kwamba vyandarua vilivyotiwa dawa viliongeza uhai wa watoto wadogo kwa asilimia 27. Matokeo yale hayakubaki Ifakara. Yalisomwa Geneva, yalisomwa London, na yalisaidia kuushawishi ulimwengu kwamba chandarua ni silaha.

Sasa niulize. Kuna profesa wa Ulaya aliyeyatupa matokeo yale akisema "hayo mambo ya Wandamba"? Hakuna. Walisoma, wakachukua, wakatumia. Damu ya watoto wa Kilombero imekuwa darasa la dunia nzima. Kwa nini basi damu ya mwanaanga isiwe darasa la Kilombero? Elimu haina pasipoti. Anayeiwekea mpaka ni sisi wenyewe, tena sisi tuliosoma.

Na kama ni suala la anga kuwa mbali na sisi, historia inatucheka. Desemba 12, 1970, siku ya Jamhuri ya Kenya, roketi iliruka kutoka jukwaa la Waitaliano lililosimama baharini karibu na Malindi. Ilibeba setilaiti ya Marekani ya kuchunguza miale ya eksirei kutoka kwenye nyota. Jina la setilaiti ile? Uhuru. Neno letu, halikutafsiriwa. Mwaka huohuo wa 1970 ujenzi wa TAZARA ulianza, reli inayokatiza bonde la Kilombero kupitia Ifakara na Mlimba, nayo tukaiita Reli ya Uhuru. Kwa hiyo mwaka mmoja Uhuru mmoja ulipanda angani kutoka pwani yetu, na Uhuru mwingine ukaanza kulazwa chini juu ya mataruma. Halafu leo mtu ananiambia anga si letu!

Nimemaliza na ugomvi wa kwanza. Twende kwenye moyo.

Simama. Ndiyo, wewe unayesoma, simama kidogo. Ulipoinuka, nusu lita ya damu au zaidi imeshuka kuelekea tumboni na miguuni kwa sababu dunia inaivuta. Ungekuwa chupa ya maji ungebaki hivyo hivyo, kichwa kikavu, ukaanguka. Lakini shingoni na kwenye mshipa mkuu unaotoka moyoni kuna vihisio vinavyopima msukumo wa damu. Vimegundua msukumo umepungua, vimepeleka habari kwenye ubongo, mishipa imebana, moyo umeongeza kasi. Ukitembea, misuli ya mashavu ya miguu inaikamua mishipa na kuirudisha damu juu, huku vali ndogo ndani ya mishipa zikiizuia isirudi chini. Yote hayo katika sekunde chache, bila wewe kutoa amri. Kila unapoinuka kitandani, kila unapoinama kung'oa magugu na kuinuka tena, mwili wako unafanya mtihani. Na unafaulu kwa sababu unaufanya kila siku.

Sasa mpeleke mtu huyo angani, kwenye kituo cha kimataifa kinachoizunguka dunia. Tuelewane hapa: kule juu mvutano wa dunia haujaisha. Kituo na watu wake wanaanguka pamoja kuizunguka dunia bila kuifikia, ndiyo maana wanaelea na uzito hausikiki. Damu haishuki tena miguuni. Inahama. Karibu lita mbili za majimaji zinatoka miguuni na kupanda kifuani na kichwani. Uso unavimba, miguu inakuwa myembamba, na wanaanga wenyewe hutaniana kwamba wana miguu ya ndege. Mwili unaona juu kumejaa, unadhani maji yamezidi, basi unaanza kuyapunguza. Baada ya siku chache majimaji ya damu yamepungua kwa asilimia 10 hadi 15. Na moyo, ambao haupandishi tena damu mlimani, unaanza kupunguza nyama yake. Si ugonjwa huo, ni uchumi. Moyo ni mfanyakazi anayelipwa kwa kazi: kazi ikipungua, unapunguza na wafanyakazi.

Mmarekani Scott Kelly alikaa angani siku 340, kuanzia Machi 2015 hadi Machi 2016. Hakukaa bure. Alifanya mazoezi siku 6 kwa wiki, kwenye baiskeli, kwenye mashine ya kukimbilia akiwa amefungwa mikanda inayomvuta chini, na kwenye mashine ya kuinulia vitu vizito. Hata hivyo chumba cha chini cha kushoto cha moyo wake, kile kinachosukuma damu mwili mzima, kilipoteza wastani wa gramu 0.74 kila wiki. Ukijumlisha, zaidi ya asilimia 19 ya nyama yake iliyeyuka. Moyo uliendelea kufanya kazi vizuri, nisikutishe. Lakini ulikuwa moyo mdogo.

Waliochapisha habari hizo mwaka 2021, akiwemo daktari Benjamin Levine wa Dallas, walimweka Kelly pembeni ya mtu mwingine wa ajabu, Benoît Lecomte. Mfaransa huyu mwaka 2018 alijaribu kuogelea Bahari ya Pasifiki. Alikuwa majini siku 159, akaogelea kilomita 2,821, karibu saa 6 kila siku. Ungetegemea moyo wake uwe kama wa fahali, siyo? Ulipungua! Karibu kwa kasi ileile ya Kelly. Kwa nini? Kwa sababu mtu aliyelala kifudifudi majini damu yake haishuki miguuni, maji yanamshika. Alikuwa amelala akiogelea, na usiku analala tena. Kazi alifanya, lakini mzigo wa kupandisha damu hakuubeba. (Tafadhali usiende kujaribu Mto Kilombero. Mamba wa kule hawasomi majarida ya kitabibu. Na ukiogelea kwa kiasi ni zoezi safi, ninayemsema hapa ni mtu wa saa 6 kila siku kwa miezi 5.)

Umeona ninakoelekea? Moyo haujali umeenda angani au la. Unajali kitu kimoja: leo umenibebesha nini?

Na kama unadhani unahitaji roketi ili kuupoteza moyo wako, sikiliza hii. Mwaka 1966, huko huko Dallas, vijana 5 wa miaka 20 walilazwa kitandani wiki 3. Hawakuwa wagonjwa. Walilala tu, kwa ajili ya sayansi. Walipoinuka, uwezo wa miili yao kutumia oksijeni ulikuwa umeshuka kwa zaidi ya robo. Miaka 30 baadaye, mwaka 1996, wakatafutwa wale wale watano, sasa wana miaka 50, wengine na vitambi vyao. Wakapimwa. Hakuna hata mmoja aliyekuwa na hali mbaya kuliko ile aliyokuwa nayo akiwa na miaka 20 baada ya wiki 3 za kulala. Soma tena taratibu. Wiki 3 za kitanda ziliharibu kuliko miaka 30 ya kuzeeka! Kisha wakafanyishwa mazoezi miezi 6, na uwezo ambao miaka 30 ilikuwa imewanyang'anya ukarudi.

Ndiyo maana wanasayansi wa anga wasipoweza kumpeleka mtu juu humlaza kitandani hapa chini, kichwa kikiwa chini kidogo kuliko miguu. Kwa mishipa ya damu, kitanda ni anga la maskini.

Sasa twende Kilombero. Nimepita njia za bonde lile mara nyingi: Mang'ula, Kiberege, Ifakara mjini, mpaka Mlimba. Nimeona baba anaendesha baiskeli yenye gunia la mpunga, tena baiskeli ya chuma isiyo na gia. Nimeona mama ana mtoto mgongoni, jembe begani, ndoo kichwani. Msimu wa kulinda mpunga watu wanahamia mashambani, wanalala juu ya dungu, wanapanda na kushuka ngazi ya miti alfajiri na jioni. Mwili wa mtu huyo unafanya mtihani wa damu mara mia kwa siku.

Kabla hujanirukia: sisemi maskini ana bahati. Hao wanaosema mkulima hana haja ya hospitali kwa sababu anafanya mazoezi, nao nagombana nao. Mama anayebeba maji kilomita kadhaa akiwa mjamzito hafanyi mazoezi, anaonewa. Na moyo unavunjwa na mengi ambayo jembe haliyazuii. Kuna mtoto aliyeumwa koo, hakutibiwa, vali za moyo zikaharibika. Kuna chumvi, kuna figo, kuna urithi wa ukoo. Utafiti wa kliniki ya magonjwa sugu Ifakara, uliochapishwa mwaka 2017, ulihusu watu 955 wanaoishi na virusi vya UKIMWI ambao walikuwa hawajaanza dawa. Kati yao 111 walikutwa tayari wana presha. Hawa si vigogo wa mashangingi. Ni watu wa bonde. Na kitaifa, uchunguzi wa mwaka 2012 ulikuta karibu mtu mmoja kati ya wanne wa umri wa miaka 25 hadi 64 ana presha ya juu.

Kwa hiyo presha tayari imefika kijijini. Malaria imepungua, watoto waliookolewa na vyandarua vya "Zuia Mbu" leo ni watu wazima, na watu wazima wana mioyo ya kutunza. Na Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete, iliyoanzishwa mwaka 2015, iko Dar es Salaam, safari ya mamia ya kilomita kutoka Mlimba. Kwa mtu wa mbali namna hiyo kinga si mapambo. Ndiyo hospitali yake ya kwanza.

Na katika hali hiyo, sisi watoto wa bonde tulioenda mjini tunafanya nini? Tunawaua wazazi wetu kwa mapenzi.

Nina baba mdogo mmoja maeneo ya Ifakara. Jina nalihifadhi. Amevuka miaka 70. Alilima mpunga maisha yake yote, na shambani alikwenda kwa baiskeli. Watoto wake wako Dar na Dodoma, wana kazi nzuri, wanampenda sana. Wakaona aibu mzee wao kuonekana njiani na baiskeli. Wakakaa kikao. Shamba likapewa mtu wa kulikodi. Baiskeli akapewa kijana wa jirani. Mzee akaletewa kochi la kuzama, luninga kubwa, na bodaboda wa kumpeleka hata msikitini, mita mia tatu.

Nilimkuta kwenye lile kochi.

"Shikamoo baba mdogo."

"Marahaba mwanangu. Karibu, kaa. Hapa kazi yetu ni kukaa."

"Unaendeleaje?"

"Naendelea kustaafu. Wamenistaafisha shamba, wakanistaafisha baiskeli, sasa wamenistaafisha hadi miguu. Nikisimama naona kizunguzungu. Wakija wanasema, unaona, ndiyo maana tulikwambia upumzike."

Nilicheka kwa sababu mzee ni mcheshi, lakini kile kizunguzungu hakikunichekesha. Mwanaanga akirudi duniani baada ya miezi, akisimama, damu inashuka na mwili umesahau kuipandisha. Anaona giza, wengine wanazimia. Ndiyo maana kabla ya kushuka wanakunywa maji ya chumvi, wanavaa nguo za kubana miguu, na wakitua wanasaidiwa kutoka. Mwanaanga ana timu ya madaktari inayomsubiri. Baba mdogo ana kochi. (Kizunguzungu kina sababu nyingi, zikiwemo dawa za presha zenyewe, kwa hiyo tulimpeleka kupimwa. Na wewe mpeleke wako, usinisome mimi ukadhani mimi ni daktari.)

Hasira yangu haiko kwa watoto wake. Wamefanya kile tulichofundishwa wote. Katika nchi hii ukubwa unapimwa kwa kukaa. Mgeni wa heshima ana kiti kirefu, sisi wengine tunasimama. Mkurugenzi anashushwa mlangoni. Mwalimu mkuu anatumwa mtoto amletee chaki iliyo mita tano kutoka alipo. Mtu akipata gari tunamwambia "sasa umetoka". Ametoka wapi? Ametoka kwenye kundi la wanaotembea. Tumeifanya miguu kuwa kitambulisho cha umaskini, halafu tunashangaa kwa nini presha na kisukari vinaanza na ndugu zetu waliofanikiwa.

Kuna jambo la zamani sana linaloelezea hili vizuri. Mwaka 1953 daktari mmoja wa Uingereza, Jerry Morris, alichapisha habari za wafanyakazi wa mabasi ya ghorofa ya London. Dereva na konda: gari moja, moshi mmoja, abiria wale wale. Tofauti, dereva amekaa siku nzima, konda anapanda na kushuka ngazi kukata tiketi. Makonda walipata mshtuko wa moyo kidogo kuliko madereva, na walioupata hawakufa haraka kama madereva. Kwa hiyo siku nyingine ukimwona konda wa daladala ananing'inia mlangoni, usimdharau. Kwa upande wa moyo huenda anamzidi bosi wako. (Kwa upande wa usalama barabarani ni habari nyingine.)

Najua kuna mjuaji atasema kiti si anga. Kweli, si anga. Ukikaa, damu bado inavutwa miguuni. Lakini pampu ya shavu la mguu imelala, moyo unazungusha damu kama jenereta linalowasha taa moja, na mtihani wa kuinuka unafanywa mara chache. Anga ni kioo kikubwa tu. Kinatuonyesha kwa haraka, kwa mtu mwenye afya njema, kile ambacho kiti kinakifanya polepole kwa mtu ambaye hata afya hiyo hana. Tofauti nyingine ni kwamba mwanaanga anafanya mazoezi kama saa 2 kila siku ili apunguze hasara. Wewe wa kiti cha ofisi, kiti cha gari na kochi la jioni unafanya dakika ngapi?

Sasa nije kwenye linaloniuma zaidi, kitanda cha hospitali.

Bodaboda zimejaa Kilombero kama zilivyojaa kila mahali, na ajali zake tunazijua. Kijana anavunjika paja. Kama upasuaji haupatikani au hela haipo, analazwa mguu ukiwa umevutwa na uzito, wiki 6, wakati mwingine zaidi. Analala kama mwanaanga. Mfupa unaunga, na wakati huohuo moyo unapungua, misuli inayeyuka, damu iliyotulia kwenye mishipa ya miguu inaweza kuganda. Bonge la damu likinyofoka na kwenda kwenye mapafu, kijana anakufa ghafla, na nyumbani tunaanza kutafuta mchawi.

Huko juu nako damu iliganda. Mwaka 2019 watafiti walichapisha habari za wanaanga 11 waliopimwa mshipa mkubwa wa shingo. Kwa 6 kati yao damu ilikuwa imesimama au inarudi kinyumenyume. Mmoja alikutwa na bonge la damu shingoni akiwa angani, akatibiwa huko huko kwa dawa ya kuzuia damu kuganda, akiongozwa na madaktari walioko duniani. Mshipa ni tofauti na wa kijana wetu wa paja, lakini somo linafanana: damu ni msafiri, ikisimama muda mrefu inaota mizizi.

Daktari anapomwambia mgonjwa alale ana sababu, nasi tumheshimu. Usimnyanyue mtu mwenye paja lililovunjika eti kuna mwandishi kasema! Ninachopinga ni kitanda kugeuzwa mazoea. Kitanda ni dawa, na dawa yoyote ina kipimo na ina madhara. Hakuna anayemeza vidonge bila kuuliza "mara ngapi kwa siku, na kwa siku ngapi?" Lakini kitanda tunakimeza chote. Ndugu wa mgonjwa tunajazana wodini na uji, tunamkandamiza: "Usiinuke mama, pumzika." Mama alikuja na homa, anatoka hawezi kutembea, tunasema ugonjwa ulikuwa mkali. Hapana. Tumemlaza mno.

Ninachotaka ni vitu vidogo, havihitaji roketi. Ukiwa na mgonjwa wodini, muulize daktari au muuguzi maswali matatu: Lini ataanza kukaa? Lini atasimama? Kwa sasa ni kiungo gani anaruhusiwa kuchezesha? Hata aliyefungwa paja, mara nyingi anaweza kuchezesha nyayo na mguu mzima, anaweza kuinua mikono. Hospitali nazo ziwape watu wa mazoezi ya viungo nafasi yao, wasiwe mapambo ya ripoti. Kwa mzee wako nyumbani, kabla hujamnunulia kochi, mwachie bustani. Mwachie kuku. Mwachie safari ya kwenda msikitini au kanisani kwa miguu yake, hata kama atachukua nusu saa na kusalimiana na watu kumi njiani. Hizo salamu nazo ni dawa.

Na wenye mamlaka, barabara ya Kidatu hadi Ifakara imewekwa lami, tumeshangilia, na tulistahili kushangilia baada ya miaka ya tope na vumbi. Lakini lami imeleta kasi, na kasi imemfukuza mtembea kwa miguu. Kila mji unaokua katika bonde lile upangwe na njia ya watu wa miguu na baiskeli, pana, yenye kivuli. Baiskeli ya Ifakara si aibu ya kuondolewa ili mji upendeze. Ulaya wanatumia mabilioni kuwarudisha watu kwenye baiskeli. Sisi tunazo, tunataka kuzikimbia!

Mtasema, "umri umeshanipita, moyo wangu umeshakauka." Huyo huyo Levine aliyechunguza moyo wa Kelly aliongoza utafiti mwingine, uliochapishwa mwaka 2018. Watu wa miaka 45 hadi 64 waliozoea kukaa walifundishwa mazoezi kwa miaka 2, siku 4 hadi 5 kwa wiki. Uwezo wao wa kutumia oksijeni ulipanda kwa asilimia 18, na mioyo iliyokuwa imeanza kukakamaa ikalainika. Kwa kuanza, Shirika la Afya Duniani linaomba dakika 150 kwa wiki za shughuli ya wastani. Gawanya kwa siku 5, ni nusu saa. Nusu saa! Unatumia zaidi ya hapo kubishana mpira. Ila mwenye presha asiache vidonge vyake akasema anatembea. Kutembea hakufuti vidonge. Na mwenye maumivu ya kifua, anayehema akipanda kidogo, au anayevimba miguu, apimwe kwanza.

Nilipokuwa mdogo niliambiwa kusoma kutanitoa kwenye jembe. Ni kweli kumenitoa, na sililii jembe. Lakini hakuna aliyeniambia kwamba mwili wangu bado ungelidai. Kizazi chetu kimeahidiwa wepesi: usibebe, usipande, usitembee, utaletewa. Tumeamini kwamba maendeleo ni kuondoa uzito wote maishani. Kuna watu waliokwisha kufika huko, mahali ambapo hakuna uzito kabisa, na kazi yao kubwa ya kila siku ni kujifunga mikanda ili waupate tena.

Wewe unao bure, kuanzia mlangoni kwako. Basi mwenye hoja ya kunipinga na aje, nipo. Ila aje kwa miguu.